Vumbi Lirudi kwa Mwenyewe

Jumatano moja, mwanzoni mwa mwezi wa sita mwaka 2003, Bibi Ghaniya alimwaga kikapu kizima cha tende mbele ya mbuzi aliyefungwa nje ya soko la wanawake la Ibra. Mbuzi akazinusa, akatafuna moja, akakohoa, akageuza uso.

"Mmeona?" akatuuliza Bibi Ghaniya kwa Kiarabu chake cha kijijini. "Hata mnyama!"

Tuliosimama pale na vikapu vyetu tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu Bi Fawziya. Mimi ni Shukriya, mzaliwa wa Tabora. Nilikuja Oman mwaka sabini na tano, na siku hizo nilikuwa nasomesha Kiingereza katika shule ya wasichana. Bi Fawziya ni mzaliwa wa Unguja, mtaa wa Malindi, na jambo hilo hakukuacha ulisahau. Nikisema "shule" atanisahihisha, "Skuli, shoga, skuli." Nikipika wali wa nazi atauonja kwa ncha ya ulimi na kusema, "Si mbaya, kwa mtu wa bara." Alikuwa muuguzi aliyestaafu, mwembamba, miwani puani, na ukimwona barabarani ungedhani hajapata kumsumbua hata nzi.

Tende zile zilikuwa za aina ya mabsli, ambazo ndizo fahari ya mkoa wa Sharqiyah. Huchemshwa katika masufuria makubwa zikiwa bado za manjano, kisha huanikwa juani mpaka zikauke. Lakini mwaka uliopita kampuni moja ya kokoto ilifungua kisagio cha mawe nyuma ya kijiji cha Bibi Ghaniya, Hillat as-Sidr, dakika ishirini kutoka Ibra. Malori yakawa yanapita katikati ya kijiji tangu asubuhi mpaka magharibi, na vumbi jeupe likatua juu ya tende zilizoanikwa, juu ya nguo kambani, ndani ya vikombe vya chai na ndani ya vifua vya watoto. Mnunuzi aliyechukua tende za Bibi Ghaniya kwa miaka ishirini alionja moja tu, akasema kwa adabu kwamba safari hii hataki. Na sasa msimu mwingine ulikuwa umebakiza wiki nne.

Si kwamba wanaume walikaa kimya. Sheikh wa kijiji aliandika barua tatu. Zote zilijibiwa vizuri, kwa karatasi nene yenye nembo, na kila jibu liliishia na maneno yale yale: *taht ad-dirasa*, yaani jambo linachunguzwa. Aliyeandika majibu hayo ni afisa uhusiano wa kampuni, kijana anayeitwa Zakariya. Na Zakariya, kwa bahati yake mbaya, alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Fawziya, na kila Ijumaa alikula chakula cha mchana nyumbani kwake.

"Huyu mtoto nimemkogesha kwa mikono yangu," alisema Bi Fawziya, akimtazama mbuzi. "Leo anawaandikia watu dirasa."

Tukaingia sokoni. Soko lile la Jumatano wanaume hawaruhusiwi kuingia. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na kwa hiyo palikuwa ndipo mahali pekee katika mji ambapo mwanamke angeweza kusema jambo na lisifike nyumbani kabla yake. Tulikaa kwenye jamvi la Bibi Ghaniya, baina ya vikapu vyake na mwanamke anayeuza udi. Hapo ndipo Bi Fawziya, bila kuombwa, alipoanza kusimulia khabari za Wales.

Baada ya Mapinduzi ya Unguja familia yake ilitawanyika, na yeye akaangukia Uingereza, akasomea uuguzi. Kisha akapata kazi katika hospitali ndogo ya bonde moja huko Wales kusini, mahali pa mvua na migodi ya makaa, akakaa na mumewe Marhoun aliyekuwa mhandisi. Mwaka themanini na nne wachimba makaa wakagoma kwa sababu serikali ilitaka kufunga migodi. Mgomo ukachukua mwaka mzima, watu bila mshahara.

"Na wake zao walifanya nini?" akauliza Bibi Ghaniya.

"Wake zao ndio waliouendesha."

Kiarabu cha Bi Fawziya kilijaa Kiswahili kama biriani ilivyojaa bizari, nami nikawa namfafanulia kila alipokwama. Alisema wanawake walifungua jiko katika ukumbi wa wachimbaji, wakawa wanalisha watu mia nne kila siku. Jirani yake, mwanamke mnene jina lake Nesta, alimgongea mlango akamwambia, wewe una mikono, njoo umenye viazi. Akaenda. Baada ya viazi wakaenda kusimama kwenye lango la mgodi, kisha wakaenda miji ya mbali kuhutubia watu. Naye, binti wa Malindi aliyelelewa asiinue sauti mbele ya baba yake, alisimama kwenye lango lile mvua inamnyeshea, upawa mkononi.

"Polisi hawakukupigeni?" akauliza muuza udi.

"Polisi walisomeshwa la kufanya na mwanamme. Mwanamke mwenye sufuria ya supu ya moto hawakusomeshwa."

Jamvi zima likacheka. Wanawake wa jamvi la pili wakasogea.

"Nesta alinifundisha mambo mawili," aliendelea Bi Fawziya. "Ukitaka kugombana, pika kwanza. Na mkiulizwa kiongozi wenu nani, chekeni."

"Na mwisho walishinda?" Aliyeuliza alikuwa Azza, mkaza mwana wa Bibi Ghaniya, mwanamke wa miaka ishirini na minne mwenye tabia ya kuuliza jambo mpaka alifikishe mwisho.

Bi Fawziya akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. "Waliwatia watu adabu," alisema. "Haya niambieni, barabara hiyo ya malori ina upana gani?"

*

Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi, lori la kwanza lilipoingia Hillat as-Sidr, Bibi Ghaniya alikuwa anavuka barabara na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Alipofika katikati ukanda wa kiatu chake ukalegea. Akatua mzigo, akainama, akaufunga. Akaunyanyua mzigo. Ukanda ukalegea tena. Nyuma yake akaja Azza na mwanawe wa miaka mitatu, na mtoto akakataa kutembea. Kisha mama mmoja na kondoo watatu, kila mmoja na nia yake. Halafu Bibi Ghaniya akakumbuka kwamba amesahau kitu, akarudi alikotoka.

Hatukuwa na bango hata moja. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wanavuka barabara, na hakuna dereva katika nchi ile, kijana aliyetoka mbali kutafuta riziki, atakayempigia honi bibi kizee mwenye mzigo kichwani. Baada ya nusu saa malori tisa yalikuwa yamepangana, injini zimezimwa.

Hapo nikafungua mlango wa nyuma wa gari langu, tukashusha masufuria. Bi Fawziya alikuwa amepika pilau, na mimi nimekaanga sambusa alizosema si mbaya. Madereva, waliotoka Kerala na Peshawar, wakashuka wakanawa mikono, wakakaa kivulini kwenye ukuta wa bustani, wakala. Mmoja wao alikuja kuniuliza kwa heshima kama na kesho tutavuka.

Tulivuka kesho yake, na kesho kutwa yake. Siku ya tatu madereva walianza kusimama wenyewe kabla hatujatokea, wakanusa hewa. Safari sitini za siku zikawa kumi na moja.

Siku ya nne akaja Zakariya. Tuliiona Prado yake nyeupe ikisimama mbali ili isiingie vumbi. Akateremka, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, faili mkononi. Alipomtambua anayegawa sambusa, uso ulimshuka.

"Shikamoo, khalti."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Khalti, tafadhali. Haya ni maandamano."

"Maandamano yapi?" Bi Fawziya akaangalia kulia na kushoto kama aliyeangusha sindano. "Watu wanavuka barabara. Huku nyumba zao, kule bustani zao. Ulitaka waruke?"

"Siku nne wanavuka?"

"Wanakwenda na kurudi."

Zakariya akafungua faili, akajikohoza. "Naomba kuzungumza na kiongozi wenu."

Nikawanong'oneza kina mama alichosema. Azza ndiye aliyeanza kucheka, kisha muuza udi, kisha wote, wanawake ishirini na kitu, mpaka wengine wakajishika mbavu. Madereva nao wakacheka bila kujua wanachekea nini. Masikio ya Zakariya yakawa mekundu.

Ndipo Bibi Ghaniya, aliyekuwa katikati ya barabara na mbuzi wake, alipomwita, "Mwanangu, nishikie kidogo." Akamtia kamba mkononi akaenda zake nyumbani.

Bibi alikaa huko dakika arubaini. Zakariya hakuweza kuiachia kamba, kwani ni mbuzi wa bibi wa watu, na hakuweza kuondoka naye. Alisimama katikati ya barabara, faili kwapani, mbuzi akimla kishada cha kanzu, malori kumi na tano yamejipanga nyuma yake. Na saa hiyo hiyo ndipo lilipofika gari la meneja mkuu, Bwana Khalaf, aliyekuja kuona kwa macho yake ni nani anayeifunga njia. Akamwona afisa uhusiano wake na mbuzi.

*

Bwana Khalaf hakuwa mjinga. Hakututumia polisi wala hakugombana nasi. Aliwaita wanaume.

Nusu ya vijana wa kijiji walikuwa wameajiriwa kwenye kile kisagio, walinzi, wapima mizigo, makarani. Nasr, mtoto wa Bibi Ghaniya na mume wa Azza, alikuwa mlinzi wa lango. Aliitwa ofisini akaambiwa kwa upole kwamba kampuni haiwezi kumwamini mlinzi ambaye mama yake na mkewe wanaifungia njia. Wengine wakaambiwa maneno hayo hayo. Wakarudi majumbani mwao, na kila nyumba ikawa na ugomvi wake.

Wanawake wakapungua mmoja mmoja. Yule ana mgonjwa, huyu ana mgeni. Siku ya tisa tuliovuka tulikuwa wanne, tukimhesabu na mbuzi. Malori yakapita moja baada ya moja, na madereva wakatupungia mkono kwa huzuni, kwani pilau nayo ilikuwa imekwisha.

Jumatano tukakutana sokoni. Azza alikuja, macho yamemvimba. Hakukaa.

"Nasr ameambiwa achague, sisi au kazi," alisema. "Ana mdogo wake chuoni Nizwa anayemtegemea. Bi Fawziya, siku ile nilikuuliza swali ukalikwepa. Wale wanawake wa Wales, walishinda au hawakushinda?"

Bi Fawziya alikuwa na kikombe cha kahawa. Akakiweka chini.

"Hawakushinda," alisema.

Nikamgeukia. Miaka kumi na tatu tumekaa ukuta kwa ukuta, amenisimulia khabari za bonde lile mara ngapi sijui, za mvua na viazi na Nesta na nyimbo, na siku zote nilielewa kwamba walishinda.

"Baada ya mwaka mzima wanaume walirudi kazini bila kupata kitu," akaendelea kwa sauti ndogo. "Walikwenda kwa miguu asubuhi, bendi inapiga mbele yao. Sisi tulijipanga kando ya njia tukiwapigia makofi. Nesta alinishika mkono mpaka ukaniuma. Mwaka haukumalizika, mgodi ukafungwa."

"Na ukatutia barabarani kwa hadithi hiyo?" nilimuuliza. Nilikuwa nimekasirika kweli. "Hawa wana waume, wana riziki zao. Mimi mwenyewe niliwatafsiria uwongo wako!"

"Sikusema walishinda."

"Ulijitia kutafuta kitu mkobani!"

Bi Fawziya alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, na bila miwani alionekana mzee. Bibi Ghaniya, aliyekuwa anamtazama huyu na huyu, akanitaka nimweleze yote. Nikamweleza. Akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Hao waligombana na nani?" akauliza.

"Na serikali nzima," alisema Bi Fawziya.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na watoto walikula?"

"Kila siku. Hakuna mtoto hata mmoja aliyelala na njaa katika bonde lile."

Bibi Ghaniya akafikiri, vidole vyake vikiendelea kusuka kikapu peke yao. "Sisi tunagombana na Khalaf," alisema mwishowe. "Khalaf! Kwao nakujua. Ni mtoto wa mji wa Bidiya. Na tende bado ziko mtini. Nani kasema tumeshindwa?"

"Barabarani hatuwezi tena, mama," alisema Azza. "Lango lipo pale pale, Nasr anatuona. Kila tukivuka tunamtia yeye matatani." Akakaa kwenye jamvi, akaanza kukung'uta upindo wa nguo yake, na vumbi likaruka. Akaliangalia. "Tangu mwaka jana sijapata kupiga zulia likaisha vumbi," alisema. "Napiga mpaka mkono unauma. Na wala hili vumbi si langu. Ni mali ya watu."

Bi Fawziya akavaa miwani yake.

"Mali ya watu," alisema polepole, "hurudishwa."

*

Ijumaa Zakariya alikuja kula kama kawaida. Nilikuwepo, maana mimi na Bi Fawziya tulikuwa tumepatana, ingawa nilikuwa bado namnunia kidogo. Kijana alikaa akichezea wali.

"Ami," alimwambia Mzee Marhoun, "mwambie mkeo. Watanifukuza kazi. Ofisini wananiita Abu Mbuzi."

Mzee Marhoun ni mtu mpole, hana haraka na kitu chochote. "Mwaka themanini na nne," alisema, "nilirudi nyumbani nikakuta karatasi mlangoni. 'Viazi vimo ndooni. Menya.' Nilikuwa mhandisi, nina shahada. Nikamenya. Wewe pia utapata cha kumenya, mwanangu."

Zakariya akatafuna kwa muda. Kisha akasema, macho yameelekea sahani ya papa wa kukaanga, "Jumatano ijayo wageni wanatoka Maskati. Wenye hisa. Saa nne asubuhi. Nasema tu, nina kazi nyingi Jumatano."

Bi Fawziya akamwongezea mchuzi.

Jumatano ile, siku ambayo kila mwanaume wa Hillat as-Sidr alijua mkewe amekwenda sokoni, magari sita yaliyojaa wanawake yalipita soko bila kusimama. Langu ndilo lililotangulia. Ofisi ya kampuni ilikuwa kando ya barabara kuu ya Ibra, mlango wa vioo, maua kwenye vyungu, uwanja wenye ukuta mfupi. Wageni walikuwa wamekaa barazani, kahawa inamiminwa, halwa katikati.

Tulitoa salamu. Tukatandaza mazulia juu ya ukuta, arubaini na matatu kwa hesabu ya Azza, na mabusati, na magodoro mawili. Kisha tukashika fito za mtende tukaanza kupiga.

Sijapata kuona kitu kama kile. Lilipanda wingu, jeupe kama unga wa ngano, likasimama kidogo juu ya uwanja kama linaloulizia njia, halafu upepo wa kusi ukalichukua taratibu likaenda barazani. Likatua kwenye vilemba, likatua kwenye halwa. Mgeni mmoja alifunika kikombe chake kwa kiganja, akachelewa. Bi Fawziya alikuwa anapiga busati lake la Kihindi kwa mikono miwili, ulimi umetoka kidogo pembeni, kama mtoto.

Bwana Khalaf akatoka mbio. "Mama zangu! Mama zangu, nini hiki?"

"Amana yenu," alisema Azza. "Ni vumbi la kampuni, Bwana Khalaf. Tumekutunzieni mwaka mzima. Nyumba zetu ndogo, halina pa kukaa tena."

Barazani mzee mmoja mwenye bakora, mkubwa wa wale wageni, akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa na vumbi.

Bibi Ghaniya hakupiga zulia. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Bwana Khalaf na sinia ndogo iliyofunikwa kitambaa safi. Akakifunua. Tende za mabsli za mwaka jana.

"Tafadhali," alisema.

Mtu aliyelelewa katika nchi ile hakatai tende kutoka mkono wa mama mzee. Bwana Khalaf akachukua moja, akatia kinywani. Tuliacha kupiga. Sote tulisikia meno yake yakisaga mchanga. Nilidhani atatema. Hakutema. Alitafuna yote, macho chini, akameza, akaomba maji.

"Mama yangu alikuwa akichemsha mabsli, Bidiya," alisema. Alimwambia Bibi Ghaniya peke yake, kama sisi hatupo.

"Namjua," alisema Bibi Ghaniya. "Tende zake zilikuwa safi."

*

Tulikaa ndani na Bwana Khalaf kwa muda wa saa mbili. Waliozungumza ni Bibi Ghaniya na Azza. Bi Fawziya alikaa kwenye kiti cha kona na kuomba kahawa mara tatu. Mimi niliandika, kwa Kiarabu changu cha shule, na Azza akasahihisha. Malori yasipite kijijini tangu tende zinapochemshwa mpaka zinapotiwa magunia. Ifunguliwe njia nyingine nyuma ya kilima, kwa upande wa wadi, ule mto mkavu. Kisagio kifunikwe, na njia imwagiwe maji mara mbili kwa siku. Na hakuna mtu wa Hillat as-Sidr atakayepoteza kazi kwa sababu ya mama yake au mkewe. Sharti hilo la mwisho Azza alilitaka liandikwe la kwanza.

Zakariya akapewa karatasi aichape. Kwa mazoea akaandika chini yake kwamba mambo yote yatafanyiwa dirasa. Azza akaomba kalamu, akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akamrudishia. Bwana Khalaf akatia sahihi, Bibi Ghaniya akatia dole gumba, na akakitazama kidole chake chenye wino muda mrefu kabla hajakifuta.

Sitaki kukudanganyeni kama nilivyodanganywa mimi. Nasr alinuna mwezi mzima akawa anakwenda kula kwa dada yake, mpaka dada yake akamfukuza. Njia mpya ilitakiwa ikamilike kabla tende hazijatiwa magunia, ikakamilika mwezi wa tisa, baada ya greda kuvunjika mara mbili. Lakini katika msimu wenyewe hakukupita lori hata moja kijijini. Nilikwenda siku ya kuchemsha. Moto uliwaka tangu alfajiri, masufuria yanatokota, wanawake wamejifunga vitambaa vichwani, na tende za manjano zimetandazwa uwanja mzima, zinang'aa. Bibi Ghaniya alimpa Bi Fawziya ya kwanza iliyokauka. Akaitafuna, akasema si mbaya.

Kisagio bado kipo. Upepo ukigeuka kutoka magharibi vumbi hufika, ila dogo.

Mwezi wa kumi mwaka ule ulikuwa uchaguzi wa Majlis ash-Shura, baraza la ushauri la nchi, na kwa mara ya kwanza kila raia aliyetimiza miaka ishirini na moja aliweza kupiga kura, mwanamme na mwanamke. Niliwapakia gari zima kutoka Hillat as-Sidr, na Azza akaendesha la pili, maana alikuwa amepata leseni wiki ile na hakuna aliyethubutu kumzuia. Bibi Ghaniya alikaa mbele pamoja nami, kadi yake mpya ameifumbata kama inaweza kuruka.

Nje ya kituo, upande wa wanawake, wakala wa mgombea mmoja alikuwa anangoja na karatasi zenye picha. Alimkaribia Bibi Ghaniya kwa heshima zote, akaanza kumweleza sifa za mtu wake: ukoo wake, elimu yake, ukarimu wake, barabara atakazozileta. Bibi Ghaniya akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Ana malori?"

Yule wakala akatabasamu kwa fahari. "Anayo, mama. Thelathini."

Bibi Ghaniya akamrudishia karatasi yake, akamwombea afya njema, akaingia ndani. Bi Fawziya alikuwa nyuma yake kwenye foleni, ameukumbatia mkoba, anacheka peke yake.